Kaskazini ya Wifi Yangu

Wifi yangu Ragnfríð aliniletea mpango wake wa kutembeza wageni ameuandika nyuma ya mfuko wa chakula cha kuku. Ofisi ya utalii ya Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu, ilikuwa imemwambia wazi: kurasa mbili, zichapwe, njia ieleweke, saa zionekane. Yeye kanitupia mezani kipande cha mfuko chenye vumbi la pumba, na juu yake maneno matatu: "Tutaenda hali ikiruhusu." Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: "Tutarudi tukisharudi."

"Ndio mpango huu?" nikamwuliza.

"Ndio. Umeona kasoro?"

"Wifi, hapa hakuna njia, hakuna saa, hakuna kitu!"

"Njia iko mlimani, Elspa. Ulitaka niibebe niilete hapa mezani kwako?"

Huyo ndiye Ragnfríð. Ni dada wa mume wangu Hjalmar, ana miaka sitini na mitatu, na thelathini na moja kati ya hiyo ameitumia kunipandisha presha mimi. Nilipoolewa hapa Skarvoy nikitokea kisiwa cha Sandoy, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba sweta langu nimefuma mikono miwili ya kushoto. Tangu siku hiyo hajapumzika. Kisiwa chetu kina watu ishirini na sita na kondoo mia saba, na nyumba yake na yangu zinatazamana jikoni kwa jikoni, kwa hiyo hata kumkimbia siwezi.

Lakini nilitaka abaki. Usiniulize kwa nini, maana mwenyewe nikijiuliza napandwa na hasira. Kwa miaka ishirini na minane Ragnfríð alikuwa mgawa barua wa kisiwa hiki, na majira ya baridi yaliyopita kazi hiyo ilifutwa. Mwezi wa kwanza akateleza jikoni kwake akalala sakafuni saa mbili nzima, mpaka nilipokwenda kudai sufuria yangu. Akaniambia, "Sufuria yako iko kabatini, na mimi niko hapa." Bintiye Vígdis, anayekaa mjini, aliposikia habari hiyo alipaka rangi ya manjano chumba cha chini ya nyumba yake, akanunua kitanda, akasema mama anahamia. Wakabishana kwenye simu wiki tatu. Mwishowe Vígdis akakubali jambo moja: mama akipata kazi ya kumtoa nje kila wiki, akaonwa na watu, atamwacha. Asipopata, mwisho wa mwezi wa nane anakwenda kukaa chumba cha manjano.

Na kazi yenyewe ndiyo hii. Boti ya watalii ilikuwa tayari kushusha watu kumi na wawili kwetu kila Jumanne na Ijumaa, wapandishwe bonde, wapitie ukuta wa mawe wa zamani, wafike kwenye miteremko ya lundi, wale ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, warudi salama. Nani anaijua njia hiyo kumzidi Ragnfríð? Hakuna. Kilichobaki ni karatasi tu. Hebu niambie, hata kiatu kinachokubana, unakiacha kiende na maji kwa sababu ya karatasi?

Basi nikawasha kompyuta. "Haya, mnaanza saa ngapi?"

"Ukungu ukiinuka."

"Usipoinuka?"

"Tunakunywa kahawa."

"Wifi, mgeni ametoka Ujerumani. Amelipa. Anataka kujua saa."

"Basi mwandikie aulize ukungu."

Nikaandika saa nne kamili. Akaja nyuma yangu, akaweka miwani, akasoma, akacheka. "Saa nne kamili! Na jua nalo umelipangia saa, au?"

"Kutoka gatini mpaka rundo la kwanza la mawe ya alama, dakika ngapi?"

"Na nani?"

"Na wageni!"

"Wanene au wembamba?"

Nilifunga kompyuta. Hjalmar, aliyekuwa anakata nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, kisu kikaganda hewani, maana anajua nikifunga kompyuta kwa nguvu namna ile kinachofuata ni sahani. "Dada," akamwambia polepole, "mjibu mwenzako vizuri. Chumba cha manjano kinakungoja."

Hapo ndipo Ragnfríð akaketi. Akaanza kueleza njia kwa sauti ya mtu anayeungama. Toka gatini fuata kijito. Kwenye rundo la pili vuka. Kwenye rundo la tatu geuka kaskazini, hatua mia nne mpaka ukuta wa mawe. Yeye anasema, mimi nachapa, na mchana ule tulipata kurasa mbili safi. Hjalmar akasaini upande wa wenye malisho kwamba wageni wa ofisi wanaruhusiwa kupita katikati ya kondoo wetu. Nikapeleka. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Katikati ya mwezi wa tano ofisi ikamtuma binti mmoja aitwaye Durita aje kuijaribu njia. Alikuwa na koti jekundu, buti ambazo hazijawahi kuona kinyesi cha kondoo, na adabu nyingi. Alitushika mkono sote, hata mbwa wa Ragnfríð, Skuggi, akamwinamia.

"Mama Ragnfríð," akasema, "leo wewe ndiye mgeni. Utatembea nyuma, wala usiseme neno. Mimi nitafuata karatasi tu. Lazima tuone kama inajitosheleza."

"Hata neno moja?"

"Hata moja, mama."

Mimi nilicheka mpaka kikapu kikanitoka mkononi. Miaka thelathini na moja natafuta dawa hiyo, kumbe ilikuwa ofisini Tórshavn! Ragnfríð akanitolea macho, lakini hakusema kitu. Alishaahidi, na ahadi kwake ni ahadi.

Tukapanda. Durita mbele na karatasi yake, sisi wawili nyuma na mbwa, mimi nimebeba mkate na jemu ya mabua machachu ya rabarba. Rundo la kwanza, sawa. Rundo la pili tukavuka kijito, sawa kabisa. Tulipokaribia rundo la tatu, juu kwenye mgongo wa mlima, ukungu ukashuka jinsi unavyoshuka kwetu, mara moja, bila hodi. Nikamwona Durita anasimama, anasoma, anatoa kitu mfukoni anakitazama, kisha anageuka mkono wa kulia na kuondoka. Hatua kumi tu, koti jekundu likamezwa.

Mimi na Ragnfríð tukatazamana. Sasa, mtu mzima akiiacha njia akajiendea mashariki peke yake ndani ya ukungu, na mashariki kule hakuna ukuta, hakuna kondoo, hakuna hata jiwe la kukalia, ana shida gani? Ana shida moja tu. Tukamgeuzia mgongo kwa heshima. Mimi nikaanza kukohoa, nikaimba na wimbo wa kanisani kidogo, ili binti wa watu asione haya.

Nikamaliza ubeti wa kwanza. Ragnfríð akawa ametega sikio. Akainua kidole kuniambia ninyamaze. Akanitazama, akatikisa kichwa, kama anayesema: haja ndogo gani hii ya kwendewa mbali hivi? Halafu uso wake ukabadilika rangi. Akageuka, akajaza kifua, akapiga ile amri anayompigia mbwa kondoo wakikaribia ukingo.

"LALA!"

Skuggi akalala. Mimi mwenyewe nikajikuta nimepiga magoti. Na kutoka ndani ya ukungu tukasikia puu, na Durita naye amelala.

Ragnfríð, mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyeteleza jikoni kwake, alikimbia pale sijui kwa miguu ya nani. Nilipowafikia, amemshika binti mkanda wa koti kwa nyuma na anamvuta taratibu kwenye majani. Mbele yao hatua kumi hivi majani yaliishia. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini, na ndege walikuwa wanalia chini yetu, mbali sana chini yetu. Durita hakuwa na tone la damu usoni.

"Mmeandika kaskazini," akasema.

"Ndiyo," akajibu Ragnfríð.

"Hii ndiyo kaskazini." Akatunyooshea dira yake.

Ragnfríð akaichungulia. "Chombo chako kimeharibika, mwanangu. Huku ni mashariki tangu Nuhu."

Nikaketi chini. Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani, kwa sababu mimi nilishaelewa. Skarvoy, kaskazini ni juu bondeni, kule kunakokwenda malisho. Dira inapaita pale magharibi, lakini dira haijawahi kuishi hapa. Kila kijiji cha visiwa vyetu kina kaskazini yake, na mwaka wangu wa kwanza hapa nililia kwa ajili hiyo: mama mkwe ananituma ndoo iliyo kusini mwa mlango, mimi naizunguka nyumba mara mbili kama mwehu. Leo hata chumvi naiweka mashariki ya sukari bila kufikiri. Nimezoea mpaka nimesahau kwamba nilizoea. Vidole vyangu hivi hivi ndivyo vilivyochapa "geuka kaskazini, hatua mia nne." Na kwa kaskazini ya dira, ukingo wa genge uko hatua mia mbili. Mia mbili za mwisho binti yule angezipiga hewani.

"Nani aliandika hii?" Durita akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

Nikafungua mdomo. Ragnfríð akaniwahi. "Maneno ni yangu," akasema. "Huyu amechapa tu."

Angeweza kunitupia mimi. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na watu wangemwamini, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma na mimi ndiye mgeni wa Sandoy niliyepaswa kujua tofauti. Hakunitupia. Nilikereka zaidi kuliko kama angenitupia, na nikajiapiza pale pale kwenye majani mabichi kwamba karatasi ya mwanamke huyu nitaiandika mpaka malaika waisifu.

Durita alitupa wiki mbili. Kila kona iandikwe kwa digrii za dira, kila kipande kiwe na urefu wake na dakika zake. "Iandikeni," akasema gatini, bado amejaa nyasi mgongoni, "hivi kwamba mtu ambaye hajawahi kufika Skarvoy, akiwa peke yake, kwenye ukungu, afike na arudi."

"Mtu kama huyo si akae kwao?" akasema Ragnfríð boti ilipoondoka.

Kesho yake nikachukua dira ya boti ya Hjalmar, nikabisha mlango wa Ragnfríð. Akakataa. Ng'o! Ameketi, anafuma soksi, hata hainui kichwa.

"Wifi, simama twende."

"Siendi kudanganya watu."

"Nani kakwambia udanganye?"

"Unataka niseme kaskazini ni kule kwenye genge. Baba yangu amezikwa kaskazini mwa kanisa, Elspa. Hata jiwe lake linasema hivyo. Nikiandika kwamba pale ni magharibi, baba nimemhamishia wapi?"

"Baba yako hatembezi wageni!"

Nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti. Mzee yule alinipenda, na ndiye aliyenifundisha kutembea ukingoni bila kizunguzungu. Ragnfríð aliweka sindano chini. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alivuta buti zake chini ya benchi akaanza kuzivaa, na moja ikamgomea kisigino, nami sikuthubutu kumsaidia.

"Haya," akasema. "Andika hiyo yao."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumshinda. Nilishuka ngazi zake nimebenua kifua, nawaambia ukweli.

Tulitembea siku tisa. Mimi na dira, yeye na fimbo, Skuggi katikati kama mwamuzi. Mvua ilitunyeshea siku sita kati ya hizo tisa, na zote tisa tuligombana. Nikimwuliza digrii, anasema hayo ni mambo ya wachawi. Nikihesabu hatua, anaimba kwa makusudi ili nipoteze hesabu. Mara mbili nilirudi kuanza upya kutoka rundo la kwanza, na yeye ameketi juu ya jiwe anakula mkate wangu.

"Mia tatu na ngapi?" ananiuliza, mdomo umejaa.

"Mia tatu na kumi na... Loo! Mwanamke wewe, Mungu anakuona!"

"Ananiona, ndiyo. Niko mashariki mwa jiwe."

Lakini ukimkera Ragnfríð vya kutosha anasema kila kitu, na mimi nilimkera. Hapa udongo ni laini, usiamini majani haya ya kijani sana, kanyaga yale ya njano. Hapa maji ya kunywa, hapa chini kidogo usinywe. Wale ndege wakubwa wa kahawia wakianza kukupiga utosi, inua fimbo juu ya kichwa, watapiga fimbo. Jiwe hili lenye ukoga upande mmoja linakinga upepo, mpumzishe hapo mgeni aliyechoka, usimpumzishe pale mbele, atapoa atashindwa kuinuka. Kondoo mwenye sikio lililochanwa akikimbia, wote wanakimbia. Yeye asubiriwe apite. Shimo la kwanza la lundi liko chini ya bapa la mwamba, simama mbali urefu wa watu watatu, ukae kimya, atatoka mwenyewe kukuangalia. Alisema vitu ambavyo hata Hjalmar, kaka yake wa tumbo moja, hakuvijua. Niliandika vyote. Usiku wa siku ya tisa nilikuwa na kurasa kumi na moja, michoro minne, na digrii kila mahali.

Alizisoma zote, mezani kwangu, kwa miwani ya Hjalmar kwa sababu yake ilishavunjika mlimani. Alichukua saa nzima. Alipomaliza akazipanga, akazigonga mezani zikae sawa.

"Umeniandika mpaka nimekwisha, wifi," akasema.

Nikadhani ananisifu. Nikammiminia kahawa.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Ragnfríð alikuja kwangu mbio na bahasha haijafunguliwa, kwa sababu alitaka niisome mimi, kwa sauti, na Hjalmar awepo. Nilisimama kabisa kuisoma. Imekubaliwa! Ofisi imefurahi. Haijawahi kupokea mpango wa kina namna hii kutoka kisiwa chochote. Safari zinaanza Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba. Hjalmar akapiga meza, Skuggi akabweka, mimi nikamkumbatia wifi yangu, jambo ambalo hatufanyi. Kisha nikaendelea na fungu la pili, nikasoma nusu yake, nikanyamaza.

"Endelea," akasema Ragnfríð.

"Wamesema tu... mambo ya kawaida."

"Elspa. Endelea."

Nikaendelea. Kwa kuwa maelezo sasa yanajitosheleza, ofisi itamtuma mwongozaji wake kutoka mjini, mwenye cheti na bima. Mama Ragnfríð anashukuriwa kwa dhati. Akipenda, anakaribishwa kuwapikia wageni supu.

 Birika lilichemka, hakuna aliyeinuka kulitoa. Hatimaye Ragnfríð akasema, "Supu yangu? Kwani wanataka kuwaua?"

Sikucheka. Nilipiga simu ofisini nikiwa nimesimama palepale. Durita mwenyewe akapokea, nami nikamwaga yote. Nilimwambia huyu mama ndiye aliyekushika mkanda. Nilimwambia kila mstari ule umetoka mdomoni mwake. Nilimwambia maneno mengine ambayo mwanamke wa kwenda kanisani hasemi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilimsikia akipenga kamasi.

"Mama Elspa, mimi niliuliza. Nimeuliza mara tatu. Wanataka cheti, na mafunzo yake ni majira mawili ya baridi, hapa mjini. Nikawaambia yeye anaijua njia. Wakaniambia sasa njia iko kwenye karatasi."

"Basi turudishieni karatasi yetu!"

"Mama, mlitaka ikubaliwe. Imekubaliwa."

Nikamgeukia Hjalmar. Maskini Hjalmar, hakuna pengine pa kugeukia. "Wewe ulisaini nini? Wenye malisho si nyinyi? Waambieni hapana!"

"Nilisaini ulichonipa nisaini," akasema. "Imeandikwa wageni wa ofisi. Jina la dada halimo."

Halikuwemo. Mimi ndiye niliyechapa. Jina lake nililiona halina haja, kwani nani mwingine angewapandisha watu mlima ule? Hata mtoto mchanga wa Skarvoy asingeuliza swali hilo.

"Acha kumpigia kelele kaka yangu," Ragnfríð akaniambia. Akavaa koti, akaenda kwake. Jioni ile taa ya jikoni kwake ilizimwa mapema.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba nilikwenda kukaa naye, maana sikutaka awatazame peke yake. Nilijifanya nimeleta rabarba. Wageni kumi na wawili walishuka gatini saa nne kamili, na mbele yao kijana mrefu kutoka mjini, jina lake Rókur, ana karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki shingoni. Walipofika rundo la kwanza ukungu ukashuka. Mzito, wa kukata kwa kisu. Tukasimama dirishani, bega kwa bega, hatuoni kitu.

Mungu anisamehe, niliomba wapotee. Wasiumie, wasifike ukingoni, hapana. Wapotee kidogo tu, wazunguke ukuta mara mbili tatu, waloe, waogope, halafu kijana yule asimame mahali apige kelele kuomba msaada, na wifi yangu avae buti zake aende kuwachukua. Niliomba hivyo kwa saa nne na nusu. Nilimwona naye ameziweka buti zake karibu na mlango, zimeelekezwa nje, na fimbo juu yake. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza.

Saa nane na dakika arobaini wakatokea. Ndivyo ilivyoandikwa ukurasa wa kumi na moja, saa nane na dakika arobaini. Nikawahesabu kutoka dirishani: kumi na wawili na yeye kumi na tatu. Walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa bado ameinua fimbo juu ya kichwa.

Rókur akaja kubisha hodi. Kijana mzuri, sina la kumlaumu, alivua kofia mlangoni. Alisema lundi alitoka mwenyewe kuwaangalia, palepale chini ya bapa la mwamba. Alisema hajawahi kufuata maelezo kama yale, hata kipofu angefika. "Samahani," akasema, "ningependa kumshukuru aliyeandika. Ni nani?"

Nilitaka kumjibu. Ragnfríð akanishika mkono, akanisogeza mbele kidogo, jinsi mtu anavyomsogeza mtoto wake mbele ya mwalimu.

"Huyu hapa," akasema. "Wifi yangu. Ana akili sana huyu."

Miaka thelathini na moja sijawahi kumsikia akinisifu mbele ya mtu. Nililia pale pale mlangoni, na yule kijana akadhani ni furaha, akanipa mkono mara ya pili.

Ragnfríð hakungoja mwisho wa mwezi wa nane. Ijumaa ileile boti ilipokuja kushusha wageni wengine, yeye alikuwa gatini na begi moja, na Skuggi ameshamkabidhi kwa Hjalmar. Nilimbebea begi mpaka kwenye boti. Nilimwambia chumba cha manjano si kibaya, ana mtoto mwema, atapata watu wa kuongea nao. Alinitazama akaniambia niache kusema uongo, siujui. Kisha akapanda, akatafuta pa kukaa, akaketi ameipa bahari mgongo ili aone kisiwa. Nilipunga mkono mpaka boti ikatoka nje ya mawe ya bandari, na nilipogeuka kurudi nyumbani, wale wageni wapya walikuwa wameshafika rundo la kwanza.